Tukifanye Kipaza Sauti Kuwa Sikio

Mtu akitaja kipaza sauti, mara moja fikra zetu humwendea msemaji aliyesimama jukwaani, au mwadhini msikitini, au mwimbaji wa bendi. Lugha yetu yenyewe imetuelekeza huko. Tumetoa jina moja kwa vyombo viwili vyenye kazi zinazopingana. Kimoja hushikwa karibu na mdomo, nacho hugeuza sauti kuwa umeme. Kingine hutundikwa juu ya nguzo, nacho hugeuza umeme kuwa sauti. Hiki cha pili ndicho kinachopaza. Cha kwanza hakipazi chochote. Kazi yake ni kusikia. Katika makala haya nitakiita maikrofoni ili tusichanganyikiwe.

Maoni yangu ni kwamba shule zetu za sekondari hazina budi kuanza kuitumia maikrofoni kama chombo cha kupimia mazingira, sawasawa na kipimajoto au mizani. Kazi hiyo haiwezi kungoja sana, na sababu yake huonekana vizuri katika kata ya Mkange.

Mkange ni kata ya Halmashauri ya Chalinze, wilayani Bagamoyo, mkoani Pwani. Karibu nayo upo msitu wa Zaraninge, ambao ni mmoja wa misitu ya pwani iliyosalia kama visiwa katikati ya mashamba na nyika. Msitu huo sasa umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005. Miongoni mwa wakazi wake wa usiku ni komba, ambaye watu wa pwani humsimulia kuwa mpenzi mkubwa wa tembo la mnazi.

Tunasema "komba" kana kwamba ni mnyama mmoja. La hasha. Zaraninge wako komba wa aina tatu: komba mkubwa, komba wa Unguja, na komba wa Rondo. Hawa wawili wa mwisho ni wadogo, tena wanafanana mno. Mtu akiwamulika kwa tochi ataona macho makubwa, manyoya ya kahawia na mkia mrefu, kisha mnyama ametoweka. Kwa miaka mingi hata wataalamu waliwahesabu komba wadogo wa Afrika kuwa wa aina chache tu. Hali hiyo ilibadilika walipoanza kunasa milio yao. Ilibainika kwamba kila aina ina mwito wake wa kujitangaza, na mwito huo hautofautiani ovyo kutoka mnyama hadi mnyama. Mwaka 1996 Paul Honess na Simon Bearder walichapisha maelezo ya komba wadogo wa Tanzania, na milio ilikuwa nguzo mojawapo ya kazi yao. Mwito wa komba wa Unguja huenda kwa kipande kimoja kimoja, na ule wa komba wa Rondo huenda kwa vipande viwili viwili. Jicho linapobabaika, sikio hutoa hukumu.

Komba wa Rondo, ambaye wanasayansi humwita Paragalago rondoensis, ana uzito wa kama gramu 60, yaani pungufu ya yai la kuku lililo kubwa. Hapatikani mahali pengine popote duniani isipokuwa katika misitu michache ya pwani ya Tanzania, nayo inaliwa na mashamba, mbao na mkaa. Kwa hiyo kumjua alipo na asipokuwapo ni jambo la lazima, na njia iliyo rahisi zaidi ya kumjua ni kumsikiliza.

Sasa na tutazame jinsi maikrofoni ilivyofika mahali pa kuweza kazi hii. Sauti ni hewa inayobanwa na kulegezwa kwa zamu. Hali hiyo husafiri kwa mwendo wa karibu mita 340 kwa sekunde. Sikio la kijana mwenye afya husikia mitetemo kati ya 20 na 20,000 kwa sekunde. Badiliko lenyewe la kanieneo ni dogo ajabu: sauti hafifu kabisa inayoweza kusikika hubadilisha kanieneo ya hewa kwa sehemu moja tu katika bilioni 5. Kutengeneza chombo cha kulihisi badiliko dogo namna hiyo kuliwachukua watu miaka mingi.

Mwaka 1876 Alexander Graham Bell alipeleka maneno kwa waya kwa msaada wa sindano iliyochezea ndani ya maji yenye asidi. Hakuna mlinzi wa msitu awezaye kutembea na kitu cha namna hiyo. Mwaka 1878 David Edward Hughes, huko Uingereza, alionyesha kwamba vipande vya kaboni vinavyogusana kwa ulegevu hubadilisha ukinzani wa umeme kila vinapotikiswa na sauti. Emile Berliner na Thomas Edison walikuwa wakishughulikia jambo hilohilo Marekani. Maikrofoni ya chembechembe za kaboni iliyotokana na juhudi hizo ilitumika katika simu kwa karibu miaka mia moja, ingawa sauti yake ilikuwa ya kukwaruza.

Mwaka 1916 E. C. Wente wa Marekani alitengeneza maikrofoni ya kapasita. Ndani yake kiwambo chembamba cha metali hukaa mbele ya bamba, na kati yao pana nafasi ndogo mno. Kiwambo na bamba hutiwa chaji ya umeme. Sauti ikikisukuma kiwambo, nafasi ile hubadilika, na volti hubadilika pamoja nayo. Chombo hiki kilikuwa sahihi sana, lakini kilidai volti nyingi na mitambo mizito pembeni yake.

Kikwazo hicho kiliondolewa mwaka 1962 katika maabara za Bell, Marekani, na wanasayansi wawili: Gerhard Sessler, mzaliwa wa Ujerumani, na James West, Mmarekani mweusi. Badala ya kukitia kiwambo chaji kutoka nje, walitumia utando mwembamba wa plastiki uliotiwa chaji isiyotoka kwa miaka mingi, mfano wa sumaku isiyopoteza nguvu yake. Kitu cha aina hiyo huitwa elektreti, na Mjapani Mototaro Eguchi alikuwa amekwisha kukitengeneza kwa nta miaka kama arobaini kabla yao. Sessler na West walipewa hataza ya uvumbuzi wao mwaka 1964. Tangu hapo maikrofoni ikawa ndogo kama punje ya hindi, ikahitaji betri ndogo tu, na bei yake ikashuka mno. Yafaa walimu wawasimulie wanafunzi habari za West. Wazazi wake walihofu alipochagua fizikia, kwani waliona kwamba mtu mweusi mwenye elimu hiyo hatapata kazi. Leo ni vigumu kumpata mtu ambaye sauti yake haijapita katika uvumbuzi wa mtoto wao.

Hatua iliyofuata ni ya silikoni. Mwaka 1983 Sessler na mwenzake Hohm walieleza maikrofoni iliyochongwa katika silikoni kwa ufundi ule ule wa kutengenezea vipande vya kompyuta. Kuanzia miaka ya 2000 maikrofoni za silikoni zimeuzwa kwa wingi, nazo zina upana wa milimita chache tu. Ndizo zilizomo katika simu nyingi za mkononi. Ndizo pia zilizowawezesha watafiti wa vyuo vikuu vya Southampton na Oxford kubuni chombo kiitwacho AudioMoth, walichokieleza mwaka 2018. Ukubwa wake ni kama wa kiberiti, hutumia betri tatu ndogo, na huweza kunasa hata milio ya popo iliyo juu ya uwezo wa sikio letu. Michoro yake imewekwa wazi kwa kila mtu.

Tuyapime maendeleo hayo kwa historia yetu wenyewe. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay ili sauti zao zinaswe katika sahani za santuri, kwa sababu mitambo ilikuwa huko. Mwaka 1950 Hugh Tracey alikuja Tanganyika na mitambo yake, akanasa ngoma na nyimbo za makabila mengi. Hazina aliyoikusanya katika safari zake inahifadhiwa Afrika Kusini. Hapo kwanza msanii wetu aliifuata maikrofoni. Baadaye maikrofoni ilitufuata, kisha ikaondoka na ilichokisikia. Leo maikrofoni imo mfukoni mwa mwalimu wa Mkange. Jambo linalonisikitisha ni kwamba tunayo, nasi twaitumia kwa kusema tu.

Je, kwa nini nikasema kazi hii haiwezi kungoja? Barabara ya kutoka Tanga kupitia Pangani na Saadani hadi Bagamoyo, ambayo njia yake inapita Mkange, imeanza kujengwa kwa kiwango cha lami. Mimi siipingi barabara hiyo. Mgonjwa atafika hospitali upesi, na nanasi litafika sokoni kabla halijaoza. Lakini barabara huleta magari, taa, mashamba mapya na magunia ya mkaa. Miaka ishirini kutoka sasa mtu atauliza: je, barabara imewapunguza komba na ndege wa Mkange, au haikuwapunguza? Swali hilo litajibiwa na yule tu aliyenasa sauti za usiku kabla ya mabadiliko kuenea. Fedha zaweza kununua chombo kilicho bora zaidi baadaye, lakini haziwezi kununua usiku uliokwisha kupita.

Napendekeza basi kwamba kila shule ya sekondari iliyo karibu na msitu, mto au mikoko iwe na daftari la sauti. Mara moja kila mwezi, mahali palepale na saa ileile, mwalimu na wanafunzi wachache wanase sauti kwa dakika kumi. Waandike tarehe, saa, hali ya hewa, mbalamwezi, na aina ya chombo kilichotumika. Waandike majina ya wanyama kwa Kiswahili na kwa lugha za wazee wa mahali hapo, kama Kikwere, Kidoe na Kizigua, maana wazee hao hujua milio mingi isiyomo vitabuni. Nakala moja ibaki shuleni, na nyingine ihifadhiwe chuo kikuu au katika tume yetu ya sayansi. Sishauri mwanafunzi yeyote aingie hifadhini usiku, kwani humo mna ndovu na nyati, na utafiti wa humo una vibali vyake. Uwanja wa shule na ukingo wa kijiji vyatosha kwa kuanzia.

Faida ya somo la fizikia nayo si ndogo. Mwanafunzi akipiga makofi mbele ya ukuta ulio umbali wa mita 34, chombo kitaonyesha mwangwi ukirudi baada ya karibu sehemu mbili za kumi za sekunde. Hapo mwendo wa sauti hautakuwa tena tarakimu ya kukariri. Shule isiyo na kinasa sauti yaweza kununua maikrofoni ya elektreti, rezista ya omu 2,200, kapasita moja na betri, vitu vinavyopatikana kwa mafundi wa redio, na wanafunzi wakaunganisha wenyewe.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Ya kwanza ni kwamba wanafunzi wetu hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni. Ni kweli, wala sitaki kanuni hiyo ivunjwe. Simu moja ya mwalimu, ikitumika kwa ratiba, inatosha. Ya pili ni kwamba maikrofoni husikia pia maneno ya watu. Hofu hiyo ni ya haki. Uongozi wa kijiji uarifiwe kabla, chombo kisiwekwe karibu na nyumba, na maneno ya mtu yakinaswa kwa bahati mbaya yafutwe. Nchi yetu ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, na ni vyema wanafunzi wajifunze mapema kwamba sayansi nayo ina adabu zake.

Pingamizi ya tatu ndiyo nzito: komba hamlishi mtu, na shule zetu zina upungufu wa madawati na kemikali. Jibu langu ni kwamba mkono uliozoea kupima hauchagui cha kupima. Wanasayansi wamekwisha kutumia maikrofoni kuwasikiliza wadudu wanaokula nafaka ndani ya ghala kabla jicho halijauona uharibifu. Mwanafunzi wa Mkange aliyejifunza kutofautisha miito miwili ya komba gizani hatashindwa kusikiliza gunia la mahindi la baba yake, wala pampu ya maji ya kijiji inayoanza kuchakaa. Lakini yule aliyefundishwa kwamba maikrofoni ni ya kiongozi na mwimbaji ataishi jirani na Zaraninge maisha yake yote, asijue kwamba kiumbe mwenye makao machache mno duniani humwita kila usiku.

Nawaomba walimu wenzangu wasingoje waraka. Muhula ujao, usiku mmoja usio na mvua, wajaribu dakika kumi za kwanza, kisha waandike tarehe.