Kuondoa kirusi si kurejesha mafaili

Makala ninayoitolea maoni imeeleza vizuri namna ya kusafisha kompyuta, lakini hoja ya mwandishi kwamba kirusi kikishaondolewa tatizo limekwisha inahitaji kusahihishwa, kwa sababu programu ya kudai fidia hufunga mafaili kwa usimbaji, yaani huyageuza yasisomeke bila ufunguo maalumu, na ufunguo huo haupatikani kwa kukifuta kirusi chenyewe. Wachangiaji waliotangulia wametaja WannaCry, programu ya kudai fidia ya Mei 2017, iliyosambaa yenyewe kupitia ufa wa Windows ambao Microsoft ilikwisha kuuziba Machi mwaka huohuo, na shambulio dhidi ya maduka ya Naivas nchini Kenya mwaka 2023. Hata hivyo, kwa mwenye steshenari katika miji midogo kama Mbulu, Katesh au Haydom, hatari iliyo karibu zaidi ni programu zilizovunjwa leseni zinazopakuliwa bure, ambazo ndizo njia kuu ya kuenea kwa virusi vya kudai fidia vya jamii iitwayo STOP. Kompyuta ikishambuliwa, itenganishwe kwanza na mtandao, mafaili yaliyofungwa yahifadhiwe bila kufutwa, kisha aina ya kirusi itambuliwe kupitia No More Ransom, mradi ulioanzishwa mwaka 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama wa kompyuta, unaotoa bure zana za kufungulia mafaili yaliyofungwa na baadhi ya aina za virusi hivyo. Wanaoshauri kulipa fidia wakumbuke kwamba malipo hayana dhamana yoyote. Kinga ya uhakika zaidi ni nakala rudufu katika diski inayochomolewa kila baada ya kazi, kwani diski iliyoachwa imechomekwa hufungwa pamoja na kompyuta.