Mshahara Umechelewa: Ada ya Ovadrafti Ailipe Nani?

Katika Kiswahili, kufuliza ni kutenda jambo bila kukatiza. Mvua hufuliza, msafiri hufuliza mwendo. Tangu Januari 2019, kitenzi hicho kimepata maana mpya nchini Kenya: kutumia fedha zisizokuwemo katika akaunti yako ya M-Pesa. Huduma ya Fuliza, inayotolewa na Safaricom pamoja na benki za NCBA na KCB, iliichukua ovadrafti, ambayo zamani ilikuwa mapatano baina ya meneja wa benki na mfanyabiashara mwenye dhamana, ikaitia mkononi mwa mama mboga, mwanafunzi na karani wa kaunti. Siibezi huduma hiyo. Mzazi aliyepata nauli ya kumpeleka mtoto hospitalini usiku wa manane anajua thamani yake. Ninachokihoji ni bei, na zaidi ya bei, mtu anayelazimishwa kuilipa.

Tupige hesabu. Kabla ya Oktoba 2022, mteja alitozwa asilimia 1 ya kiasi alichokopa, kisha ada ya kila siku. Aliyekopa kati ya shilingi 101 na 500 alilipa shilingi 5 kwa siku. Aliyekopa zaidi ya shilingi 2,500 alilipa 30. Chukua mtu aliyekopa shilingi 200 akakaa nazo siku 10: alidaiwa ada ya shilingi 52, mbali na kodi. Hiyo ni asilimia 26 ya mkopo wake. Aliyekopa shilingi 20,000 kwa siku hizo hizo alidaiwa shilingi 500, yaani asilimia 2.5. Mnyonge alilipia kila shilingi mara kumi zaidi ya mwenzake mwenye nafuu, na hakuna aliyemwambia hivyo, kwa kuwa shilingi 5 haimshtui mtu. Haba na haba hujaza kibaba. Swali ni kibaba cha nani.

Oktoba 2022 ada hizo zilipunguzwa. Kwa wanaokopa shilingi 1,000 au chini, ada ya siku ilikatwa kwa nusu, na siku tatu za kwanza zikawa bila malipo. Hiyo ni hatua ya kupongezwa. Hata hivyo, msingi ulibaki ule ule: gharama ya mkopo inaitwa ada, haiitwi riba, na inatozwa kwa siku badala ya kuelezwa kwa mwaka. Raia anaposikia kwamba Hazina ya Hasla, iliyozinduliwa Novemba mwaka huo huo, hukopesha kwa asilimia 8 kwa mwaka, hana kipimo cha kuilinganisha na shilingi kadhaa kwa siku.

Wenzetu wamelikabili suala hili. Nchini Uingereza, tangu Aprili 2020, mamlaka inayosimamia huduma za fedha ilipiga marufuku ada za siku na za mwezi katika ovadrafti, ikaziamuru benki zitoze riba moja inayotajwa kwa mwaka. Benki nyingi kubwa zilipanga riba iliyokaribia asilimia 40, nazo zikalaumiwa vikali. Lakini hata kwa riba hiyo, shilingi 200 kwa siku 10 zingegharimu takriban shilingi 2 na senti 20. Nchini Marekani, tangu 2010 benki haziruhusiwi kumtoza mteja ada ya ovadrafti kwa matumizi ya kadi dukani au kwenye mashine ya fedha kabla hajaridhia huduma hiyo. Desemba 2024 ilitolewa kanuni ya kushusha ada katika benki kubwa hadi dola 5. Mwaka 2025 Bunge la nchi hiyo likaifuta kabla haijaanza kutumika. Funzo ni kwamba bei ya ovadrafti ni uamuzi wa kisiasa. Huwekwa na watu, na watu huweza kuiondoa.

Hapa ndipo ninapowageukia watumishi wa umma. Kila mara Hazina Kuu inapochelewesha mgao wa kaunti, muuguzi na mwalimu wa chekechea hupitisha tarehe ya mshahara mikono mitupu. Kodi ya nyumba haisubiri. Agizo la malipo alilolitoa benki hugonga akaunti tupu, naye hutozwa faini. Mkopo hupitiliza siku, akatozwa tena. Hufuliza kununua unga, na hata ndugu akimtumia shilingi 300, mfumo huzikata kwanza kulipia deni. Mshahara unapoingia hatimaye, umekwisha kumegwa, ilhali mwajiri aliyevunja ahadi hakulipa hata senti. Tunamhubiria mfanyakazi nidhamu ya fedha, ilhali aliyekosa nidhamu ni mwajiri wake.

Mageuzi yakisubiriwa, kuna mambo ambayo kila mmoja wetu anaweza kufanya. Kwanza, kikomo cha Fuliza usikihesabu kuwa salio. Ni deni ambalo hujalichukua. Ukilazimika kukopa, kopa kiasi kidogo, ukilipe ndani ya siku zisizo na ada. Ukiona huduma inakutawala, maliza deni kisha ujiondoe kupitia menyu ya *234#. Pili, iombe benki isogeze tarehe ya agizo lako la malipo hadi siku kadhaa baada ya tarehe ambayo mshahara huingia kwa kweli, wala si ile iliyoandikwa katika mkataba. Tatu, ukitozwa kwa sababu ya mshahara uliochelewa, andika barua kwa benki ukiambatisha ushahidi, uombe ada ifutwe. Benki hazilazimiki kukubali, lakini asiyeomba hafutiwi. Usiporidhika, peleka malalamiko Benki Kuu. Kumbuka pia kwamba kifungu cha 44 cha Sheria ya Benki kinaizuia benki kupandisha ada bila idhini ya Waziri wa Fedha. Nne, wanachama wa Sacco na chama wana mlango wa nafuu zaidi. Waubishe kabla ya kufikia ovadrafti.

Hata hivyo, barua ya mtu mmoja haitoshi. Vyama vya wafanyakazi vinapojadili mikataba ya pamoja, vidai kifungu kinachomtaka mwajiri kufidia ada na riba zinazotokana na ucheleweshaji wake. Wanaharakati waishinikize Benki Kuu iagize kila ovadrafti, ya benki na ya simu, itangazwe kwa riba ya mwaka kabla mteja hajabonyeza kitufe. Nanyi wanafunzi wangu, mnaosoma uchumi na sheria, chukueni taarifa zenu za M-Pesa za muhula mmoja, mjumlishe ada, mziweke hadharani. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Hawakusema matanga yalipiwe na yule ambaye mshahara wake ulizuiliwa.