Maneno ya Barazani Nayo ni Ushahidi

Wako wasomi, na watumishi wa serikali pia, ambao hadi leo huamini kwamba habari isiyopigwa mhuri si habari. Karatasi ikitoka ofisini, hata kama mwandishi wake alikuwa na kila sababu ya kuficha ukweli, huitwa ushahidi. Maneno ya mzee aliyeketi barazani huitwa porojo. Hayo ni mabaki ya kasumba, na historia ya Vita vya Maji Maji yatosha kuyakanusha.

Vita hivyo vilipiganwa tangu mwaka 1905 hadi 1907. Kwa muda mrefu yaliyoandikwa juu yake yalitoka zaidi kwa Wajerumani, akiwemo Gavana Götzen mwenyewe, ambaye alitoa kitabu chake mwaka 1909. Ilipofika miaka ya mwisho ya 1960, G.C.K. Gwassa, John Iliffe na wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam waliwaendea wazee waliokuwa bado hai. Wazee wakaeleza kilimo cha pamba cha kulazimishwa, viboko vya maakida, na Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe. Wakaeleza pia jinsi habari za maji zilivyopita kwa siri toka kinywa hadi sikio, mnong'ono ambao Umatumbini uliitwa njwiywila. Basi vita vyenyewe vilienezwa kwa habari zisizo rasmi. Mtafiti angezipata wapi kwa ukamilifu, kama si kwa walionong'onezwa?

Hata uvumi usio wa kweli una kazi yake. Katika kitabu chake cha mwaka 2000 Luise White alichunguza hadithi za mumiani na wazimamoto wa enzi za ukoloni, waliosemekana kunyonya damu za watu. Hakujisumbua kuthibitisha kama damu ilinyonywa. Alitaka kujua watu waliosema hivyo walikuwa wakiionaje kazi ya mkoloni, hospitali yake na magari yake. Afisa aliyecheka uvumi huo alipoteza ripoti nzuri juu ya wilaya yake.

Hata hivyo si kila lisemwalo barazani ni la kumezwa. Wazee wa Maji Maji walihojiwa miaka michache tu baada ya Uhuru, na vijana waliotamani kusikia habari za taifa lililoungana. Baadaye watafiti wengine, kama Thaddeus Sunseri aliyeandika mwaka 1997 juu ya Uzaramo, walionyesha kwamba sababu za kupigana hazikuwa zile zile kila mahali. Mzee naye humpima mgeni wake: akimwona ana kalamu na gari la serikali, humpa majibu yanayofanana na gari hilo. Kwa hiyo msimulizi apimwe, lakini kwa mizani ile ile apimwe na mkuu wa wilaya aliyeandika kwamba mambo yote ni shwari. (Shwari hiyo imewahi kujaza makabati mengi.)

Jambo hili si la vyuo vikuu peke yake. Mwaka 1973 ilitangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri, itimizwe kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Majalada yana hesabu za vijiji na za watu waliohamishwa. Nani alihama kwa hiari, nyumba ya nani ilibomolewa, shamba lipi liliachwa na mazao yake: hayo aghalabu yamo vichwani mwa watu. Aliyekuwa na miaka 25 wakati huo sasa amepita 70. Mwalimu wa shule ya kijiji, ambaye wazee humjua na hawamwogopi, anaweza kumfikia mtu huyo kuliko mtafiti wa siku tatu. Daftari moja latosha, mradi kila habari iandikwe nani aliisema, mwaka gani, na kama aliiona kwa macho yake au aliambiwa. Na nakala moja ibaki kijijini, wenyewe wapate kuisahihisha.