Lugha ya gereji iingie darasani

Kuna kazi moja ya kifundi ambayo ningependa kila mwalimu wa Kiswahili aitafakari kabla ya kuandaa somo lake la insha. Kazi yenyewe ni kufunga rimoti ya mlango wa gereji kwenye pikipiki, ili mwendeshaji aufungue mlango bila kushuka wala kuvua glavu. Msomaji huenda akauliza: mwalimu wa lugha ana lipi na nyaya na betri? Ana mengi, na kwa kuwa tumeyapuuza kwa muda mrefu, hasara imewaangukia wanafunzi wetu.

Tuanze na haja yenyewe. Mwenye gari huiweka rimoti karibu na kiti chake akaibonyeza atakapo. Mpanda pikipiki hana nafasi hiyo. Mikono yake imeshika usukani, na rimoti imo ndani ya koti alilolifunga hadi shingoni kwa ajili ya baridi na mvua. Afikapo nyumbani usiku hana budi kusimama, kuvua glavu na kupapasa mifukoni. Katika mitaa ya Nairobi ambako malango yanayoendeshwa kwa mota yamekuwa jambo la kawaida, muda huo wa kupapasa gizani ndio anaoungojea mwizi. Kwa hivyo anayetafuta njia ya kuufupisha hatafuti anasa.

Njia rahisi ni kuifunga rimoti usukanini kwa mpira. Lakini mvua huipenya, na mpita njia yeyote aweza kuichomoa pikipiki ikiwa imeegeshwa mjini. Fundi stadi hufanya vingine. Huifungua rimoti, akalehemu nyaya mbili nyembamba kwenye miguu ya kitufe chake, kisha akazipeleka hadi kwenye swichi ndogo usukanini. Rimoti yenyewe huikinga na maji, akaificha chini ya kiti mahali pasipozingirwa na vyuma, kwa sababu chuma huyazuia mawimbi yanayotoka kwenye antena.

Kisha laja suala la umeme. Rimoti nyingi hutumia betri ya volti 3, bapa mfano wa sarafu. Betri ya pikipiki ni ya volti 12, na injini inguruapo hupanda hadi volti 14 hivi. Anayeunganisha hizi mbili moja kwa moja huiunguza rimoti. Hapana budi kuwe na kifaa cha kupunguza volti kati yake, pamoja na fyuzi, na umeme wenyewe uchukuliwe mahali ambapo hupita tu ufunguo ukiwa umewashwa. Hivyo, asiye na ufunguo wa pikipiki hataweza kuufungua mlango kwa kubonyeza swichi ya usukanini.

Wako mafundi wapendao ujanja zaidi. Hao huiunganisha rimoti na swichi ya taa kali kwa kutumia rilei, yaani swichi inayovutwa na sumaku ya umeme. Ukimulika taa mara moja, mlango hufunguka. Jambo hili hupendeza macho, lakini lina kasoro isiyoonekana mpaka mtu ajue rimoti huuambia nini mlango. Rimoti za zamani zilirudia msimbo ule ule daima, na mwizi aliyeunasa mara moja alikuwa amepata ufunguo. Nyingi za kisasa hubadilisha msimbo kila zinapobonyezwa, na kipokezi cha mlangoni hukubali tu misimbo iliyo mbele kidogo ya ule kiliousikia mwisho. Basi mpanda pikipiki anayewamulikia madereva taa kutwa nzima katika barabara ya Thika huisogeza misimbo mbele pasipo mlango kusikia. Afikapo jioni, mlango huenda ukamkana kama mgeni. Ndiyo maana swichi ya pekee, iliyotengwa kwa kazi hiyo tu, hushinda ujanja wa taa.

Fauka ya hayo, mmojawapo wa mifumo mashuhuri ya misimbo inayobadilika, uitwao KeeLoq, ulibuniwa Afrika Kusini katika miaka ya 1980, kisha ukauzwa kwa kampuni ya Microchip ya Marekani mwaka wa 1995. Ni kazi ya bara letu. Wanafunzi wangapi wa Kenya wanaweza kuieleza kwa lugha ya bara letu?

Nimeyasema haya yote kwa Kiswahili, na sidhani msomaji amepotea njia. Hebu tuyatazame maneno yenyewe. Majina mengi ya vifaa ni ya kukopa: rimoti, swichi, fyuzi, rilei, betri, gereji. Lakini mzigo wa maelezo umebebwa na vitenzi, navyo karibu vyote ni vya nyumbani: funga, fungua, bonyeza, unganisha, ficha, punguza, chomoa. Lugha yetu ina utajiri wa vitenzi vya kutenda na kutendua: funga na fungua, chomeka na chomoa, ziba na zibua, kunja na kunjua. Mwenye vitenzi hivi ana zana zilizo tayari kueleza mambo ya umeme na mitambo, ambayo kazi yake kubwa ni kufunga njia na kuifungua.

Sasa tuingie darasani. Kila mwaka tunawapokea chuoni wanafunzi waliopata alama za juu katika Kiswahili. Ukiwauliza jina la kifaa cha kuendeshea runinga kwa mbali, watajibu kwa sauti moja: kitenzambali. Ni neno lililoundwa vyema, na sina ugomvi nalo. Lakini ukiwaomba waeleze kwa aya moja jinsi kitenzambali kinavyofanya kazi, darasa hunyamaza. Tumewapa jina tukawanyima maelezo. Kumbe katika kibanda cha fundi wa jua kali, kijana aliyeacha shule mapema aweza kuyaeleza hayo kwa ufasaha, kwa Kiswahili, akimwelekeza mwanagenzi wake kwa kidole.

Najua majibu nitakayopewa. Wa kwanza atasema kuwa maneno ya gereji ni ya mkopo na yataichafua lugha. Huyo namkumbusha kwamba yeye mwenyewe hukaa mezani, na meza ni ya Wareno. Husoma kitabu, na kitabu ni cha Waarabu. Hufundisha shuleni, na shule ni ya Wajerumani. Neno pikipiki lenyewe halikungoja kamati yoyote. Watu waliusikia mlio wa chombo wakauiga, kama walivyofanya pia walipokiita tukutuku. Wa pili atasema kuwa sayansi hufundishwa kwa Kiingereza katika madarasa ya juu, kwa hivyo Kiswahili hakihitajiki hapo. Huyo namuuliza: mwanafunzi huyo akishahitimu atamwelekeza fundi kwa lugha gani? Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na kuwa lugha ya taifa. Lugha rasmi isiyoweza kueleza jinsi ya kuunganisha nyaya mbili ina urasmi wa jina tu.

Wala hatuanzi pasipo na kitu. Mnamo 1990, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Istilahi si haba. Kinachokosekana ni mazoea ya kuzitumia katika sentensi zenye kazi ya kufanya.

Pendekezo langu kwa walimu ni jepesi. Utungaji wa maelekezo umo katika mafunzo yetu. Tusiufanye kila mara kuwa wa kupika wali na kutengeneza chai. Wapelekeni wanafunzi kwa fundi wa pikipiki au wa umeme aliye karibu na shule. Wayaandike maneno anayoyatumia, bila kuyasahihisha. Warudi darasani wayalinganishe na ya kamusi, kisha waandike maelekezo ya kazi moja waliyoishuhudia, hatua kwa hatua. Mwisho, wamrudishie fundi akayasome. Palipo na hatua iliyorukwa au tamko lenye maana mbili, atapaona mara moja, kwa kuwa yeye anajua kuwa sentensi ya kutatanisha kuhusu volti huunguza kifaa cha mtu.

Msahihishaji wa namna hiyo hatuna katika vyumba vya mitihani. Yeye hasomi insha ili ahesabu methali na tamathali za usemi. Husoma ili ajue afanye nini. Mwanafunzi atakayeandika Kiswahili ambacho fundi huyo ataweza kukifuata bila kuuliza swali amestahili alama zake zote, hata kama aliandika rimoti mahali pa kitenzambali.