Mkutubi aingie darasani

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofungua maktaba yake mpya Novemba 2018, gumzo lilikuwa ukubwa wake: vitabu 800,000, wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Ni jambo la kujivunia. Lakini viti havimfundishi mtu kutafuta.

Majuzi, kwenye chuo kingine ambacho hatutakitaja, tulimkuta binti wa mwaka wa tatu kwenye meza ya mkutubi. Alikuwa na andiko la utafiti kuhusu mama lishe, marejeo 14, na alama ya kuuliza ya msimamizi kwa kalamu nyekundu. Mkutubi akaanza na la kwanza. Jarida lipo, toleo lipo, ila makala inadaiwa kuanzia ukurasa wa 311 na toleo lenyewe limeishia wa 240. La pili, mwandishi yupo kweli. Ni daktari wa mifugo. Walipofika mwisho, marejeo matano yalikuwa hewa. Binti hakudanganya. Aliiuliza programu ya akili mnemba kwenye simu, ikampangia majina vizuri, akanakili. "Nilijua nimeshatafuta," alisema.

Tusimcheke. Juni 2023 jaji wa New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi zilizotungwa na ChatGPT.

Kilichofuata ndicho kilichotugusa. Kwa nusu saa mkutubi alimwonyesha jinsi ya kubadilisha maneno ya kutafutia, jinsi ya kujua jarida la kweli na lile linalochapisha chochote ilimradi umelipa, na jinsi ya kuingia Research4Life, mpango unaoziwezesha taasisi za nchi kama yetu kusoma majarida ya kisayansi bure au kwa bei ndogo. Miaka mitatu yote binti alikuwa akifika kwenye ukurasa unaodai dola, anafunga, anarudi kwenye madesa. Neno la siri lilikuwa pale pale maktaba.

Nusu saa hiyo aliipata kwa bahati. Mwaka wa kwanza alitembezwa tu: rafu zile pale, zima simu, usile humu.

Tunasema mafunzo haya yaingizwe kwenye somo la stadi za mawasiliano, mwaka wa kwanza, na yawe na maksi. Bila maksi hakuna atakayehudhuria, tusidanganyane. Mhadhiri anapotoa kazi, mkutubi awepo. Wapo wahadhiri watakaoona wanaingiliwa. Baadhi yao ndio wanaogawa madesa hayo hayo yaliyotolewa fotokopi mwaka hadi mwaka.

Na vyuo viajiri. Mkutubi yule alikuwa peke yake zamu nzima, na nyuma ya binti walikuwa wamesimama wengine sita, simu mkononi.