Siri Zetu Zipitazo Angani

Wengi wetu hudhani kwamba neno likishapelekwa juu kwa setilaiti huwa limekwisha kuwa mbali na masikio ya watu. Sivyo hata kidogo. Setilaiti ile ionekanayo kusimama mahali pamoja i kilomita 35,786 juu ya Ikweta, na mawimbi yake yashukapo hayamfikii yule aliyekusudiwa peke yake. Huenea juu ya nchi nyingi kwa mara moja, kama adhana imfikiavyo mwenye kwenda kuswali na mpita njia pia.

Mwaka 2025 wataalamu wa vyuo vikuu vya California, San Diego, na Maryland walieleza walivyoweka dishi juu ya paa, kwa vyombo vya kiasi cha dola 800 tu, wakasikiliza setilaiti 39. Takriban nusu ya njia walizozichunguza zilikuwa na maneno yaliyo wazi. Kwa saa tisa walipata namba za simu za watu zaidi ya 2,700, pamoja na maneno na maandishi yao, kwa kuwa minara ya simu iliyo mbali na miji huyapitisha angani. Hawakuvunja kufuli, kufuli haikuwapo!

Basi itakuwaje kwa vile vyombo vidogo viarifuvyo mahali ilipo mashua, au maji yaliyobaki tangini? Watengenezaji husema kwamba betri ni ndogo na kila herufi ipitayo angani hulipiwa. Udhuru huu una ukweli wake, ila hautoshi: kuyageuza maneno yawe fumbo siku hizi huongeza herufi chache tu.

Wala fumbo lolote halifai. Mwaka 2012 wataalamu wa Bochum, Ujerumani, walifichua udhaifu wa mafumbo mawili ya simu za setilaiti, moja likiwa la simu za Thuraya zitumiwazo sana Ghuba. Wenyewe walikuwa wameificha namna yake, wakadhani huo ni ulinzi.

Kwa hiyo, mzazi au kijana anunuaye chombo cha namna hii, na amwulize muuzaji: je, ujumbe hufungwa ndani ya chombo chenyewe, kabla haujapaa, na kufunguliwa kwa mpokeaji tu? Kila chombo kina ufunguo wake, au vyote vimepewa mmoja? Na kasoro ikionekana, yawezekana kurekebishwa kingali huko baharini? Muuzaji akijibu kwamba setilaiti yenyewe ni salama, hajalijibu swali.