Tuwapime Wazee Kabla Hawajaanguka

Mtoto mchanga hupelekwa kliniki kupimwa uzito. Mama hupewa kadi. Uzito ukipungua, mwuguzi huona mapema. Je, bibi wa mtoto huyo hupimwa nini? Mara nyingi hapimwi kitu. Twangoja aanguke. Akivunjika nyonga ndipo tunahangaika kutafuta gari. Wazee wengi wanaovunjika nyonga hawatembei tena kama zamani, na wengine hufa kabla mwaka haujaisha.

Watu husema, "Ni uzee tu." Mimi sikubali. Mara nyingi miguu hutoa habari kabla ya mtu kuanguka. Hatua huwa fupi. Mzee akitaka kuinuka, hujisukuma kwa mikono. Akigeuka, hushika ukuta. Habari hizo hupimika, na wewe uliyejifunza kusoma saa na tarakimu unaweza kuzipima.

Chukua kiti imara. Pima mita 3 kwa kamba, utie alama chini. Mzee avae viatu vyake vya kila siku. Kama hutumia mkongojo, autumie. Ukisema "Haya," ainuke, aende mpaka kwenye alama kwa mwendo wake wa kawaida, ageuke, arudi, aketi. Wewe hesabu sekunde kwa saa au kwa simu. Mtu mwingine akae karibu naye, amdake akiyumba. Sekunde zikifika 12 au zaidi, hiyo ni dalili ya hatari. Kipimo hiki kilielezwa mwaka 1991 na wataalamu wawili wa Kanada, Podsiadlo na Richardson. Hakitaki mashine wala umeme.

Kipo kingine ambacho hakitaki hata saa. Mwaka 1997 wataalamu wa Uswidi walitoa habari za wazee 58. Walitembea nao huku wakiwazungumzisha. Wazee 12 walisimama ili wajibu. Katika miezi 6 iliyofuata, 10 kati ya hao 12 walianguka. Kwao kutembea kulikuwa kazi ya kufikiriwa, kama kuvuka mto juu ya gogo.

Lakini kupima si kupiga ramli. Hata baadhi ya wale ambao hawakusimama walianguka. Kipimo kinatuonyesha nani aangaliwe kwanza.

Sasa tukimwona aliye hatarini, tufanye nini? Wengi wetu humwambia, "Kaa tu, bibi, sisi tutafanya." Maneno hayo ni ya heshima, lakini yanamdhuru. Miguu isiyotumika hulegea upesi. Afadhali ainuke kitini na kuketi mara kadhaa kila siku, na ajizoeze kusimama imara akiwa karibu na meza ya kushika. Mazoezi ya namna hii, yakifanywa kwa kuendelea, hupunguza kuanguka. Apelekwe zahanati pia. Huenda ana mtoto wa jicho, au dawa anazomeza humtia kizunguzungu. Na njia ya kwenda chooni usiku iwe na taa, pasiwe na jiwe wala ndoo njiani.

Andika tarehe na sekunde zake katika daftari. Baada ya miezi 3 mpime tena. Sekunde zikiwa zimeongezeka, chukua daftari hilo uende nalo zahanati, mganga alione.